Kanuni za kitabu au kanuni za meza? Mvutano wa nusu karne katika michezo ya kuigiza wahusika

Na Mwandishi Wetu

KILA aliyekulia mitaani akicheza chandimu anaifahamu kanuni ya kona tatu penalti. Kanuni hiyo haimo katika sheria 17 za mpira wa miguu, hakuna mwamuzi wa ligi anayeitumia, na hakuna ajuaye ni nani aliyeianzisha. Hata hivyo, watoto waliikubali na kuicheza, kwani mahali ambapo goli ni mawe mawili yasiyo na mwamba wa juu, kona ya kawaida haikuwa na faida kubwa kwa anayeipiga.

Tatizo lilizuka pale mtoto mmoja alipohamia mtaa mwingine. Alihesabu kona ya tatu, akauchukua mpira na kuuweka mbele ya goli, wenzake wakabaki kumshangaa. Hakuwa mdanganyifu, wala wao hawakuwa wamemwonea. Kila upande ulikuwa ukicheza mchezo ambao uliamini ndio sahihi.

Mkanganyiko wa namna hiyo ndio ambao kwa zaidi ya miaka 50 umewagawa wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, michezo iliyozaliwa Marekani na ambayo leo ina wachezaji katika nchi nyingi duniani. Je, kila meza ifuate kitabu neno kwa neno, au kila kundi lijitungie kanuni zinazolifaa? Makala haya yanaeleza mvutano huo ulikotoka, namna kila upande unavyojitetea, na kwa nini jibu lake linategemea zaidi ni nani anayeketi mezani kuliko kitabu chenyewe.

Mchezo wenyewe ukoje

Mchezo mkongwe zaidi na maarufu zaidi wa aina hii unaitwa Dungeons & Dragons. Watu wachache, kwa kawaida kati ya wanne na saba, huketi kuzunguka meza moja. Mmoja wao huwa msimamizi. Huyu huieleza dunia ya hadithi, huwaigiza maadui na watu wengine wote wanaokutwa njiani, na huamua kinachotokea. Waliobaki, kila mmoja humwigiza mhusika mmoja tu: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi na kadhalika.

Msimamizi akisema kwamba mbele yenu kuna mlango wa chuma uliofungwa, mchezaji hujibu mhusika wake anafanya nini. Kama matokeo yana shaka, dadu hurushwa. Dadu inayotumika zaidi ni ya pande 20. Idadi iliyopatikana hujumlishwa na uwezo wa mhusika, kisha jumla hiyo hulinganishwa na kiwango kilichowekwa. Ikifikia kiwango, jambo limefanikiwa, isipofikia, limeshindikana.

Hakuna mshindi wala mshindwa kama ilivyo katika bao au drafti. Hadithi yaweza kuendelea kwa jioni moja au kwa miaka kadhaa, na mhusika huzidi kupata nguvu kadiri anavyonusurika. Hapo ndipo uzito wa kanuni unapoonekana. Mtu aliyemlea mhusika wake kwa miaka mitatu hawezi kuchukulia kwa wepesi kanuni inayoamua kama mhusika huyo anakufa au anapona.

Kanuni rasmi ni zile zilizochapishwa na kampuni inayomiliki mchezo. Kanuni za nyumbani ni zile ambazo meza husika imeziongeza, imezibadilisha au imezifuta kwa matakwa yake. Aidha, lipo jambo la tatu ambalo mara nyingi huchanganywa na hayo mawili, nalo ni uamuzi wa papo hapo: msimamizi anapokutana na jambo lisilomo kitabuni, hulazimika kuamua palepale ili mchezo usikwame. Uamuzi huo si lazima uwe kanuni, ingawa ukirudiwa mara tatu au nne huzoeleka na kugeuka kanuni bila mtu yeyote kutangaza.

Kitabu kilichozaliwa na mapengo

Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na kampuni changa ya TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Watunzi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala 1,000 tu, na kila nakala ilikuwa sanduku lenye vijitabu vitatu.

Vijitabu hivyo havikujitosheleza. Kwa mfano, viliwarejesha wasomaji katika kitabu kingine cha michezo ya vita, Chainmail, kilichotoka mwaka 1971, ili wapate namna ya kuendesha mapigano, huku vikitoa njia mbadala kwa maelezo mafupi. Kwa safari za nyikani, viliwashauri watumie ubao wa mchezo mwingine kabisa uliotengenezwa na kampuni nyingine. Aliyenunua sanduku hilo bila kuwahi kumwona mtu akicheza alilazimika kubuni sehemu kubwa ya mchezo mwenyewe.

Pengo hilo lilikuwa na asili yake. Kabla ya kuchapishwa, mchezo ulikuwa umekua mikononi mwa makundi ya marafiki. Mwaka 1969, David Wesely wa miji pacha ya Minneapolis na St. Paul aliendesha mchezo wa vita ambamo kila mchezaji, badala ya kuongoza jeshi zima, alikuwa mtu mmoja mwenye malengo yake. Arneson, aliyekuwa miongoni mwa kundi hilo, aliichukua fikra hiyo na kuipeleka katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Gygax aliandika kanuni kutokana na mchezo uliokuwa ukichezwa kwa maelewano ya ana kwa ana. Kwa maneno mengine, kanuni rasmi za kwanza zilikuwa kanuni za nyumbani zilizopigwa chapa.

Wanunuzi nao hawakusubiri ruhusa. Katika chuo cha Caltech huko California, wanafunzi walitunga mfumo wao walioupa jina la Warlock na kuuchapisha mwaka 1975. Mwaka huohuo, huko Arizona, Ken St. Andre alitoa mchezo wake mwenyewe, Tunnels & Trolls, akitaka kitu chepesi zaidi. Steve Perrin alisambaza utaratibu wake wa mapigano mwaka 1976, na miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa watunzi wa RuneQuest, mchezo uliojisimamia wenyewe.

Katika kipindi hicho Gygax hakuonekana kukerwa. Mwaka 1975, katika barua kwa jarida la wachezaji lililokuwa likitolewa Los Angeles, aliandika kwamba siku ambayo wachezaji wengi watakubaliana namna moja ya kucheza, mchezo utakuwa umedorora na kuchosha. Ni vigumu kupata utetezi wa wazi zaidi wa kanuni za nyumbani, tena kutoka kwa mtunzi mwenyewe.

Mtunzi anabadili msimamo

Miaka minne baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Kati ya mwaka 1977 na 1979, TSR ilitoa vitabu vitatu vikubwa vya mchezo ulioitwa Advanced Dungeons & Dragons, cha mwisho kikiwa kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979. Safari hii Gygax alisisitiza usawa. Alieleza katika jarida la kampuni, The Dragon, kwamba mchezo wa awali ulikuwa mlegevu mno, na kwamba huu mpya ulikusudiwa kuchezwa kwa namna inayofanana kila mahali.

Sababu za mabadiliko hayo zilikuwa zaidi ya moja, na ni vyema kuzitenganisha.

Ya kwanza ilikuwa mashindano. Mwaka 1975, katika kongamano la wachezaji la Origins mjini Baltimore, kisa cha Gygax kiitwacho Tomb of Horrors kilichezwa kwa mtindo wa mashindano: makundi mbalimbali yalipitishwa katika kaburi lilelile lenye mitego ileile, kisha matokeo yakalinganishwa. Ulinganifu wa namna hiyo hauna maana iwapo msimamizi mmoja anaua kwa kosa dogo na mwingine anasamehe.

Ya pili ilikuwa wahusika wanaohama. Mchezaji aliyehamia mji mwingine kwa masomo au kazi alitaka kumchukua mhusika wake. Kumbe kwao panga la ajabu lilipatikana kwa wiki moja, na huko aendako watu walilitafuta kwa mwaka mzima. Mhusika wake aliharibu meza ya wengine, au alikataliwa mlangoni.

Ya tatu ilikuwa fedha. Kampuni inayouza vitabu na visa vilivyokwisha kuandikwa inahitaji wanunuzi wote wawe wanacheza mchezo unaofanana, la sivyo kisa hakitawafaa. Ikumbukwe pia kwamba mwaka huo wa 1979 Arneson alifungua kesi akidai haki zake za malipo, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1981. Msimamo wa TSR kwamba mchezo mpya ulikuwa tofauti na ule alioshiriki kuutunga ulikuwa na uzito wa kisheria, mbali na ule wa kiuchezaji.

Hata hivyo, kitabu hichohicho cha mwaka 1979 kiliendelea kumwachia msimamizi neno la mwisho mezani pake. Kwa mantiki hiyo, mtunzi alidai usawa kwa mkono mmoja na kutoa uhuru kwa mkono mwingine, na wachezaji wamekuwa wakinukuu mkono wanaoupenda tangu hapo.

Kucheza na wageni

Mwaka 1980 TSR ilianzisha chama cha wachezaji kilichofahamika kwa kifupi kama RPGA, kikiwa na jukumu la kusimamia michezo ya makongamano. Mwaka 1987 chama hicho kilianzisha Living City, utaratibu ambamo wachezaji wa mahali mbalimbali waliwaweka wahusika wao katika mji mmoja wa kubuni na kuendelea nao kutoka kongamano moja hadi jingine.

Utaratibu huo ulifikia upana mkubwa katika Living Greyhawk, iliyoendeshwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2008. Nchi na majimbo ya dunia halisi yaligawiwa milki za dunia ya kubuni, na kila eneo likawa na waandishi wake wa visa. Baada ya kila kisa mchezaji alipewa karatasi ya kumbukumbu inayoonyesha alichopata na alichotumia. Mtu aliyetoka Ulaya aliweza kutua Marekani, akatoa karatasi zake na kuketi na watu asiowajua, mchezo ukaanza bila mabishano.

Tangu mwaka 2014 kazi hiyo imefanywa na Adventurers League, chini ya kampuni ya Wizards of the Coast iliyoinunua TSR mwaka 1997. Kanuni zake zinaonyesha vizuri jinsi usawa unavyotengenezwa. Chukua alama za uwezo wa mhusika, ambazo ni sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Katika meza nyingi za nyumbani kila alama hupatikana kwa kurusha dadu nne za pande sita na kuiondoa iliyo ndogo kuliko zote. Katika ligi njia hiyo hairuhusiwi. Mchezaji huchukua 15, 14, 13, 12, 10 na 8 na kuzipanga apendavyo, au hununua alama kwa bajeti ya pointi 27.

Kwa nini? Wastani wa dadu nne kwa kuondoa ndogo ni kama 12.2, na wastani wa ile orodha ya ligi ni 12 kamili. Tofauti ni ndogo sana. Tatizo liko kwenye mtawanyiko: mtu mmoja aweza kupata 18 mara mbili, na jirani yake asivuke 13. Miongoni mwa marafiki jambo hilo huwa kichekesho cha jioni. Miongoni mwa wageni huzua swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza: nani alikuwepo dadu hizo ziliporushwa?

Kwa sababu hiyohiyo, kwa miaka kadhaa ligi iliruhusu mhusika ajengwe kwa kitabu kikuu na kitabu kimoja tu cha nyongeza. Lengo lilikuwa kumpunguzia msimamizi mzigo wa kujua vitabu vyote na kuzuia michanganyiko ya nguvu ambayo watunzi hawakuikusudia.

Usawa huo una gharama. Msimamizi wa ligi hawezi kumzawadia mchezaji kitu kisichomo katika kisa, hata kama amefanya jambo la busara ambalo mwandishi hakulifikiria. Mhusika akiuchoma moto mji katika meza ya Jumamosi, mji huo utakuwa mzima katika meza ya Jumapili, kwani wengine hawajaufikia. Meza zote zinafanana, na hakuna inayoweza kuacha alama ya kudumu katika dunia ile.

Kanuni nzuri inapouma

Watetezi wa kanuni za nyumbani husema kwamba watunzi hawaijui meza yetu, nasi tunaijua. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini watetezi wa kitabu nao wana hoja ambayo haisikiki mara nyingi: kanuni moja ikiguswa, nyingine hutikisika, na aliyeigusa huenda asione.

Mfano unaojulikana zaidi ni kanuni ya aibu. Katika toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, anayeshambulia akipata 1 katika dadu ya pande 20 hukosa shabaha, basi. Meza nyingi huongeza kwamba apatwe na balaa: aangushe upanga, ateleze au amjeruhi mwenzake. Inachekesha, na wengi huipenda.

Sasa tufanye hesabu. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza hushambulia mara moja kwa zamu, hivyo uwezekano wa kuaibika ni asilimia 5. Akifika ngazi ya 5 hushambulia mara mbili, ngazi ya 11 mara tatu, na ngazi ya 20 mara nne. Kwa mashambulizi manne, uwezekano wa kupata 1 angalau mara moja ni zaidi ya asilimia 18. Yaani bingwa wa vita anaangusha upanga zaidi ya mara tatu kuliko mwanafunzi aliyeanza jana. Mchawi, ambaye uchawi wake mwingi hauhitaji kurusha dadu ya shabaha, haguswi. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya kicheko imegeuka adhabu kwa mchezaji mmoja, na huenda yeye mwenyewe asijue kwa nini harufurahii tena Ijumaa.

Mfano wa pili ni pigo kuu, yaani pale mshambuliaji anapopata 20. Kitabu husema dadu za madhara zirushwe mara mbili. Silaha yenye dadu moja ya pande nane itatoa dadu mbili, wastani wake 9. Baadhi ya meza hutaka dadu ya kwanza ihesabiwe kamili, yaani 8, kisha irushwe nyingine, na wastani hupanda hadi 12.5. Wachezaji hushangilia. Wanasahau kwamba maadui nao hupata 20, na kwamba katika hadithi ndefu adui mmoja hushambulia pambano moja na kufa, ilhali mhusika hushambuliwa katika kila pambano la maisha yake. Pigo lililonenepeshwa, likihesabiwa kwa mwaka mzima, humwumiza zaidi yule aliyelishangilia.

Meza inapokuwa kitabu

Iwapo mifano hiyo ingekuwa ndiyo habari yote, ushauri ungekuwa rahisi: fuata kitabu. Lakini historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba kitabu chenyewe hula katika sahani ya kanuni za nyumbani.

Vijitabu vya mwaka 1974 vilikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi hakuwamo. Fikra yake ilitoka kwa wachezaji wa California, ikamfikia Gygax kwa simu, na mwizi akachapishwa katika nyongeza ya Greyhawk ya mwaka 1975. Leo ni vigumu kuufikiria mchezo bila yeye.

Pigo kuu nalo lilipitia njia hiyo. Gygax alilikataa waziwazi katika kitabu cha mwaka 1979. Meza hazikumsikiliza. Toleo la pili la mwaka 1989 likaliruhusu kwa hiari ya meza, na toleo la tatu la mwaka 2000 likalifanya kuwa kanuni kwa wote.

Mfano wa karibuni zaidi unahusu dawa ya kuponya majeraha. Katika kanuni za mwaka 2014, kunywa dawa kulimgharimu mhusika tendo lake kuu la zamu, hivyo aliyekunywa hakuweza kushambulia. Wengi waliona hiyo ni adhabu kwa kutafuta uzima, na wakaruhusu dawa inywewe kwa tendo dogo la nyongeza. Vitabu vipya vya mwaka 2024 vimeikubali njia hiyo. Waliovunja kanuni kwa miaka 10 wakajikuta ndio walioitangulia.

Nani mwenye mchezo

Swali la mamlaka lilipata sura nyingine Januari 2023. Tangu mwaka 2000, Wizards of the Coast ilikuwa imetoa leseni ya wazi iliyoruhusu watu na kampuni nyingine kuchapisha kazi zinazotumia msingi wa kanuni zake. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya yenye masharti magumu zaidi, yakiwamo ya malipo kwa wachapishaji wakubwa. Wachezaji na wachapishaji wadogo walipinga kwa nguvu. Januari 27 mwaka huo kampuni iliachana na mpango huo, na msingi wa kanuni za toleo la tano ukawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa.

Waliopinga kwa sauti walikuwa pamoja na watu ambao nyumbani kwao hawafuati kitabu kikamilifu. Hakuna kupingana hapo. Kanuni ya nyumbani ina maana tu pale ambapo pana kanuni ya pamoja ambayo watu wote wanaijua na wanaweza kuitofautisha na yao. Kitabu kikifungwa, hata anayekiasi hupoteza mahali pa kuanzia.

Swali la kuuliza kabla ya dadu

Basi upande upi una haki? Ukichunguza mabishano mengi, utagundua kwamba wanaobishana hawako katika meza za aina moja. Anayecheza na watu walewale kila wiki na anayecheza na wageni kwenye kongamano wana mahitaji tofauti. Wa kwanza anahitaji mchezo unaolifaa kundi lake. Wa pili anahitaji kujua, kabla hajaketi, kwamba juhudi zake zitapimwa kwa kipimo kilekile walichopimwa wengine. Ni kosa kumwambia yeyote kati yao kwamba anacheza vibaya.

Kinachovunja meza ni kanuni ambayo mtu anaikuta katikati ya njia, iwe ya kitabu au ya nyumbani. Toleo la tatu la mwaka 2000 lililitambua hilo. Katika kueleza hatua za kutengeneza mhusika, kitabu hakikuanza na hatua ya kwanza. Kilianza na hatua ya sifuri, inayomtaka mchezaji amwulize msimamizi kama ana kanuni zake tofauti na za kitabu.

Kwa kundi linaloanza, mambo machache yafaa kutajwa wazi siku ya kwanza: alama za uwezo zitapatikana vipi, ni vitabu vipi vinaruhusiwa, nini hutokea mhusika anapoishiwa uhai, 20 na 1 zina maana gani, na kanuni ikionekana mbovu, itabadilishwa lini na nani. La mwisho ndilo husahaulika zaidi. Utaratibu uliozoeleka na wengi ni msimamizi kuamua papo hapo ili mchezo uendelee, kisha kitabu kisomwe na jambo lijadiliwe baada ya mchezo, na mabadiliko yaanze kikao kinachofuata. Kanuni haipaswi kubadilishwa wakati dadu imeshatoka mkononi.

Mpira wa miguu nao ulipita huko. Chama cha soka cha England kiliandika kanuni zake mwaka 1863, lakini wachezaji wa Sheffield waliendelea na za kwao hadi mwaka 1877. Vyama vya Uingereza vilipokutana uwanjani, mechi ilichezwa kwa kanuni za mwenyeji. Ni mwaka 1886 tu ndipo bodi ya pamoja ya kanuni ilipoanzishwa, kwa sababu timu zilikuwa zikisafiri na safari ilihitaji kanuni moja. Pamoja na hayo, bodi hiyo haikuifuta kona tatu penalti, wala haikuwa na haja ya kuifuta. Waliobaki mtaani walibaki na ya kwao.

Yule mtoto aliyehama mtaa, kwa hiyo, hakuhitaji kitabu wala hakuhitaji kuisahau kanuni ya kwao. Alihitaji kuuliza swali moja kabla mpira haujawekwa chini: hapa mnachezaje? Na wenyeji walikuwa na wajibu wa kumjibu kabla hajaihesabu kona ya kwanza.